Kujifunza vidole na skeli za saksofoni kwa programu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafundisha saksofoni hapa Lubumbashi, hasa vijana wa fanfari (bendi za vyombo vya kupuliza) na wa korali (kwaya) za mitaa ya Katuba, Kenya na Kamalondo. Karibu wote hufika wakiwa na programu mbili tatu kwenye telefone, na karibu wote hukwama mahali pale pale. Nimeyakusanya maswali yao hapa, pamoja na ya wazazi wao. Ninaandika "skeli", yaani noti zinazopangwa kama ngazi, do mpaka do, ili tuelewane na wasomaji wa mbali. Kwetu wengi husema "gami". Anshi ni ule ulimi wa mwanzi unaotetemeka, beki ni kile kinywa cha saksofoni unachotia mdomoni, na kle ni vifuniko na vibonyezo vya chombo.

Je, programu inaweza kunifundisha saksofoni bila mwalimu?

Vidole, ndiyo. Skeli, ndiyo. Kuhesabu mapigo, ndiyo, tena vizuri kuliko mwalimu mwenye haraka. Sauti, hapana.

Programu haioni mashavu yako yakivimba, haioni unavyouma beki, haijui kwamba anshi imepasuka pembeni. Nimewapokea vijana waliojua skeli sita kwa vidole lakini noti yao ya kwanza ilikuwa mlio wa bata. Mtafute mtu anayepiga kweli akutazame hata dakika 15 kila wiki mbili, baada ya ibada au baada ya mazoezi ya fanfari. Siku nyingine zote telefone itakusaidia sana, na ninasema hivyo kwa moyo mweupe kwa sababu mimi mwenyewe ninaitumia kila siku.

Nikishaipakua, nianze na nini?

Anza na ukurasa wa mipangilio, kabla hujagusa noti hata moja. Tafuta mahali pa kuchagua chombo, uchague chako hasa: alto, tenori, soprano au baritoni. Alto na baritoni ni za mi bemoli (bemoli hushusha noti nusu-toni, yaani hatua ndogo kabisa ya kinanda, na diezi huipandisha hivyo hivyo). Soprano na tenori ni za si bemoli.

Nasisitiza hili kwa sababu liliniuma. Miaka ya mwanzo nilifanya mazoezi wiki mbili nikiwa na alto mikononi na programu ikiwa kwenye tenori. Vidole kwenye picha vilikuwa sawa, maana vidole vya saksofoni zote ni vile vile, kwa hiyo sikushtuka. Lakini wimbo wa kusindikiza uliokuwa ukitoka kwenye telefone ulikuwa kwenye ufunguo mwingine, yaani ulianzia skeli ya noti nyingine. Nikadhani sikio langu ni bovu, nikaanza kuubana mdomo ili sauti ifuate, na tabia ile ya kubana ilinichukua miezi kuiacha.

Kwa nini do yangu si do ya mpiga kinanda?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ndilo linalowakatisha watu tamaa.

Unaposhika kidole cha kati cha mkono wa kushoto peke yake, kitabu na programu vinakwambia: hiyo ni do. Mpiga kinanda akigusa do yake, hazifanani. Hakuna aliyekosea. Do ya alto, kwenye kinanda, ni mi bemoli. Do ya tenori, kwenye kinanda, ni si bemoli.

Asili yake ni Adolphe Sax mwenyewe, Mbelgiji wa Dinant aliyezaliwa 1814 na kupata hataza ya saksofoni mjini Paris mwaka 1846. Alitengeneza ukoo mzima wa vyombo, vikubwa kwa vidogo, na noti zake zikaandikwa kwa namna ambayo mpigaji akihama kutoka alto kwenda tenori habadilishi vidole. Karatasi ndiyo inayobadilishwa. Sax alikusudia pia ukoo wa do na fa kwa ajili ya okestra, lakini ule wa mi bemoli na si bemoli, wa bendi za kijeshi, ndio uliotufikia sisi.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpiga kinanda akitaja ufunguo wake, mwenye alto ashuke nusu-toni tatu: kinanda do, alto la. Mwenye tenori apande nusu-toni mbili: kinanda do, tenori re. Kinanda fa: alto re, tenori sol. Kinanda sol: alto mi, tenori la. Kinanda si bemoli: alto sol, tenori do. Kinanda mi bemoli: alto do, tenori fa. Ukipenda kuhesabu diezi, alto huongeza tatu na tenori huongeza mbili juu ya zile za kinanda, na bemoli moja hufuta diezi moja.

Sasa utaona kwa nini wapiga gitaa wanatutesa. Wao wanapenda mi, kwa sababu nyuzi zao mbili za pembeni ni mi. Mi ya gitaa kwa tenori ni fa diezi, yenye diezi sita. Kwa alto ni do diezi yenye diezi saba, ambayo ni afadhali uiandike re bemoli na kuhesabu bemoli tano. Anayejifunza skeli ya do peke yake, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kwenye programu, siku ya sebene, pale magitaa yanapotawala wimbo, atakaa chini.

Programu yangu inaandika C, D, E. Mimi nimesoma do, re, mi.

A ni la, B ni si, C ni do, D ni re, E ni mi, F ni fa, G ni sol. Alama ya # ni diezi, na ile inayofanana na b ndogo ni bemoli. Programu nyingi ukizigeuza lugha kuwa Kifaransa zinaonyesha do-re-mi. Lakini jifunze herufi pia. Akodi (noti zinazopigwa pamoja) za nyimbo unazopata kwenye intaneti zimeandikwa kwa herufi.

Lakini katika korali yetu do inaweza kuwa popote. Nifuate ipi?

Mtu aliyelelewa katika korali ya solfa anajua do inayotembea: mwongoza kwaya akisema "do ni sol", basi sol inaitwa do, na wimbo wote unahesabiwa kutoka hapo. Mtu aliyesomea shule ya Kifaransa anajua do isiyohama. Na mpiga saksofoni ana do ya tatu, ile ya vidole vyake.

Do tatu kichwani mwa kijana wa miaka 14! Si ajabu anachanganyikiwa, na programu haimsaidii kwa sababu yenyewe inajua mbili tu, ile ya karatasi na ile ya sauti halisi. Ushauri wangu: ile inayotembea usiitupe. Ni hazina uliyopewa bure. Anayeimba do-re-mi-fa-sol popote pale ameshabeba skeli kubwa sikioni. Imba kwanza kwa solfa ya korali, polepole, kisha washa programu, chagua ufunguo, utafute vidole vya ile sauti uliyokwisha kuiimba. Ninapomfundisha mwanafunzi wa namna hii, nayaita majina ya solfa "ngazi" na kuyapa namba, moja mpaka saba, na majina do, re, mi nayaacha kwa vidole peke yake. Baada ya wiki chache ugomvi unaisha.

Mpiga kinanda amesema "tuko do", nimehesabu vizuri, na bado tunagongana.

Tazama kinanda chake. Vinanda vya umeme vina kitufe cha kuhamisha ufunguo, na wapigaji wengi makanisani hupiga kila kitu kwa vidole vya do, kisha wanakiacha kitufe kifanye kazi. Jumapili moja kijana wangu wa alto alipewa "do", akahesabu la, akaingia kwa nguvu, na kanisa zima likageuka kumtazama. Nilisogea nikaona kwenye kioo cha kinanda: +3. Vidole vilikuwa kwenye do, sauti ilikuwa mi bemoli. Ufunguo wa kijana ulikuwa do yake ya kawaida, ile isiyo na diezi wala bemoli. Alikuwa ameikimbia skeli nyepesi kuliko zote.

Tangu siku ile ninawaambia: usiulize jina, omba sauti. "Papa, nipe do yako niisikie." Weka telefone yenye programu ya kupimia sauti karibu na spika, usome noti inayotokea, kisha ndipo uhesabu.

Picha za vidole zinasomwaje?

Duara tatu za juu ni mkono wa kushoto: shahada, kati, pete. Duara tatu za chini ni mkono wa kulia, kwa mpango huo huo. Lililojazwa rangi maana yake bonyeza. Alama ndogo ya pembeni juu ni kle ya oktava, ya kidole gumba cha kushoto, inayoirusha noti juu kwa nane, kutoka do mpaka do inayofuata.

Si ni shahada peke yake. La, ongeza kidole cha kati. Sol, ongeza cha pete. Fa, ongeza shahada ya kulia. Mi, cha kati. Re, cha pete. Do ya chini, kidole kidogo cha kulia. Unaona wanavyoshuka kama watu kwenye ngazi. Wasiofuata ngazi ni wachache: do ya katikati ni kidole cha kati cha kushoto peke yake, do diezi ni mikono mitupu, na fa diezi ni vitatu vya kushoto pamoja na cha kati cha kulia. Ongeza kle ya oktava, na sehemu kubwa ya vidole hivyo hivyo inarudi juu. Klarineti haina neema hiyo, maana kle yake ya nyuma inairusha noti kwa kumi na mbili badala ya nane.

Nikitoka do kwenda re ya katikati ninakwaruza. Programu inasema vidole ni sahihi.

Ni sahihi kabla na ni sahihi baada. Tatizo liko katikati, mahali ambapo programu haina picha.

Angalia mkono wako. Kwenye do, kidole kimoja kiko chini. Kwenye re, vyote sita viko chini na gumba limebonyeza kle ya oktava. Kwa hiyo katika pigo moja vidole vitano vinashuka na gumba linajiviringa. Kimoja kikichelewa hata kidogo, tampo moja (kile kizibo laini chini ya kle) inabaki wazi na sauti inapasuka. Mara nyingi wanaochelewa ni kidole cha pete cha kulia na gumba.

Weka metronomu ya programu, ile inayogonga mapigo, kwenye 50 kwa dakika. Piga do mapigo manne, re mapigo manne, usikate pumzi. Mkono wa kulia uache umeshuka tayari hata wakati wa kupiga do: sauti ya do itabadilika kidogo sana, na sasa unabakiwa na kazi ya mkono mmoja. Gumba usiliinue, liviringe kwenye ncha yake kama unavyobonyeza mhuri. Vidole vikae karibu na kle, karibu kabisa, kiasi cha kupitisha karatasi. Ongeza metronomu mapigo manne tu kila siku utakayopiga mara kumi bila kukwaruza. Ikipasuka mara moja, rudi ulikotoka. Nina wanafunzi waliokaa mwezi mzima hapa, na sikuwahurumia.

Programu inanionyesha si bemoli zaidi ya moja. Ya kweli ni ipi?

Zote. Ya kwanza ni la pamoja na kle ya pembeni ya mkono wa kulia. Hii ndiyo ya kujifunzia, na ndiyo ya kutumia ukipanda nusu-toni kwa nusu-toni. Ya pili ni kle ndogo inayoitwa bis, chini ya shahada ya kushoto, ambapo kidole kimoja kinabonyeza viwili. Ni nzuri kwa skeli zenye bemoli kama fa na si bemoli, ila ondoka hapo kabla ya si ya kawaida. Ya tatu ni shahada ya kushoto na shahada ya kulia, inayofaa katika akodi ya si bemoli unapotoka fa. Programu nyingi huchagua moja bila kueleza. Chagua kwa kutazama noti inayotangulia na inayofuata.

Nianze na skeli ipi?

Programu zitakuanzishia do. Kwa mwenye alto ninaanza na re, kwa tenori sol, kwa sababu hizo ndizo fa ya kinanda, na fa inaimbika vizuri na watu wengi makanisani. Jumapili ya kwanza utakayoruhusiwa kukaa na wenzako utakuwa na kitu cha kupiga.

Re ya alto inaanza na vidole sita chini, inapanda mpaka do diezi ambayo ni mikono mitupu, kisha re ya juu ni vidole sita tena pamoja na oktava. Piga noti saba za kwanza wiki nzima kabla ya kuiongeza ile ya nane. Halafu sol, la, do, fa, si bemoli. Skeli kubwa ziko 12. Ukizipata zote kwa mwaka mmoja umefanya kazi ya kusifiwa.

Programu inayosikiliza inasema sol yangu ni A#. Imeharibika?

Hapana. Kipimo cha sauti kinasema noti ya kinanda. Sol ya alto ni si bemoli ya kinanda, na mashine nyingi huiandika A#. Ukitaka kupima la ya 440, mwenye alto apige fa diezi ya juu, yenye kle ya oktava, na mwenye tenori apige si ya juu, nayo yenye kle ya oktava.

Na kama mshale unakaa chini asubuhi za Juni na Julai, usikimbilie kusukuma beki ndani. Sauti hupungua mwendo hewani kunapokuwa na baridi, karibu mita 0.6 kwa sekunde kwa kila digrii moja, na saksofoni baridi hushuka. Pulizia hewa ya joto bila sauti dakika tano, mikono ikiwa imefunika kle, ndipo upime. Oktoba utaona kinyume chake.

Umeme hukatika na mega (data za intaneti) ni ghali. Programu zipi hufanya kazi bila intaneti?

Metronomu na kipimo cha sauti vya telefone huhitaji intaneti siku ya kupakua tu. Kwenye kompyuta, MuseScore ni ya bure: unaandika skeli, unachagua alto, unaisikia kwa mwendo unaotaka, na ukibadilisha chombo kuwa tenori yenyewe inahamisha noti. Ina pia kitufe cha kuonyesha sauti halisi ya kinanda, ambacho ndicho ninachotumia kumfundisha mtu ile habari ya do tatu. Audacity, ya bure pia, inapunguza mwendo wa wimbo bila kushusha sauti. VLC hufanya hivyo hivyo hata kwenye telefone. Chapisha picha ya vidole, uibandike ukutani. Karatasi haiishiwi chaji.

Nataka kupiga kama Verckys. Skeli zitanifikisha?

Zitakufikisha mlangoni. Verckys Kiamuangana Mateta aliingia OK Jazz, bendi ya Franco, mwaka 1963, akaanzisha Orchestre Vévé mwaka 1969, na saksofoni yake inaongea kama mtu anayejibishana na waimbaji. Manu Dibango naye, Mkameruni, alipitia African Jazz, bendi ya Kabasele, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Chukua sekunde nane tu za mmoja wao, uzitie Audacity, ushushe mwendo mpaka nusu. Ziimbe. Ukishaweza kuziimba, tafuta vidole. Usianze na vidole, maana utapata noti na kukosa ile pumzi fupi kabla ya noti, na pale ndipo rumba ilipo.

Sina saksofoni bado. Ile ya kugusa kwenye kioo inafaa?

Kwa kukariri majina ya vidole, ndiyo, wiki mbili tatu. Lakini kioo ni bapa, na saksofoni inashikwa kwa mikono miwili, kushoto juu na kulia chini, gumba moja likibeba uzito. Afadhali chukua kipande cha bomba au mti wa ufagio, ukichore alama, ufanye skeli hewani huku ukitazama picha. Kinachojifunza pale ni mkono.

Mwanangu ana miaka minane. Nimnunulie?

Mama, mpime kwanza. Alto ina takriban kilo mbili na nusu, na kama kidole chake kidogo cha kulia hakifiki kle ya do bila kupinda kifundo, ngoja. Mpe filimbi ya shule. Vidole vyake vinafanana kwa kiasi na vya saksofoni, na solfa ataipata mapema. Siku ya kununua, mlete mpigaji ajaribu chombo noti kwa noti mpaka si bemoli ya chini kabisa, kwa sauti ndogo. Ikikataa kutoka, kuna tampo inayovuja. Mwanzoni tumia anshi namba 2 au 1.5.

Ninaishi parseli (kiwanja kimoja) yenye familia nne. Nifanye mazoezi saa ngapi?

Zungumza na majirani kabla ya noti ya kwanza, wakupe saa yao, kwa mfano 17:00 hadi 17:30. Usiku fanya vidole bila kupuliza: metronomu kwenye 60 sikioni kwa spika ndogo, chombo shingoni, ukitaja jina la kila noti kwa kunong'ona. Utasikia tampo zikigonga, tap, tap. Kwenye do kwenda re zikigonga mara mbili badala ya mara moja, kidole kimoja kimechelewa, na umekijua bila kumwamsha mtu.